REDIO YA MJI WETU: RADIO MAENDELEO ILIZALIWA NAMNA GANI, NA INATUFUNDISHA NINI



Wengi wenu mnakumbuka ile Alhamisi ya muhula uliopita. Ilikuwa saa ya mapumziko. Mtoto mmoja aliingia mlangoni mbio akipiga kelele: "Bashaingia! Biko Nyawera!" Hakuna mtu aliyeuliza ni nani walioingia. Kwa muda wa dakika tano uwanja wote ulikuwa mtupu. Wadogo wa darasa la kwanza waliruka ukuta wa nyuma, na binti mmoja akavunjika mkono. Sisi madwayen tulipaswa kusimama na kuwatuliza wengine, lakini tuseme ukweli: wawili kati yetu tulikuwa wa kwanza kufika barabarani. Baadaye ikajulikana kwamba ni gurudumu la lori lililopasuka. Hapakuwa na askari wala risasi.

Mtu mmoja tu hakukimbia, ni mzee wetu mlinzi. Alibaki kwenye kiti chake na kaposti kake ka betri sikioni. Jioni tulipomwendea kwa haya, alisema: "Wanangu, redio haikusema kitu. Mimi nilingoja redio." Mmoja wetu akamjibu: "Na kama redio inasema bongo, mzee?" Akacheka, akasema: "Hilo njo swali."

Basi tumelichukua swali lile. Tumetafuta habari za redio za mji wetu, na zaidi habari za Radio Maendeleo, maana hiyo njo mama wa redio nyingi za hapa Bukavu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. SAUTI INAPITA WAPI?

Kwanza tujue redio inafanya kazi namna gani, ili mtu asiogope kitu asichokijua.

Mtangazaji anasema mbele ya kipaza sauti. Kile kipaza sauti kinageuza sauti kuwa umeme mdogo. Mtambo unauchukua umeme huo na kuuweka juu ya mawimbi, kisha antena inayarusha hewani. Posti yako nyumbani inayakamata mawimbi, inayageuza tena kuwa sauti. Ni hayo tu. Katika FM, kinachobadilishwa ni hesabu ya mitikisiko ya wimbi, siyo ukubwa wake. Njia hiyo aliitengeneza Mmarekani Edwin Armstrong katika miaka ya 1930. Faida yake ni sauti safi, hata kama radi inapiga. Kwenye posti zetu FM inaanza karibu na 88 na kuishia 108. Hizo ni megahezi, maana yake mitikisiko milioni 88 hadi milioni 108 kwa sekunde moja.

Lakini FM ina udhaifu wake. Inakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Haipindi kona, wala haipiti ndani ya mlima. Zamani babu zetu walisikiliza mawimbi mafupi, ambayo yanapanda juu kabisa, yanagonga anga na kurudi chini mbali sana. Kwa njia hiyo mtu wa Walungu aliweza kusikia BBC kwa Kiswahili kutoka London, ambayo ilianza mwaka 1957, au Sauti ya Ujerumani, ambayo ilianza Kiswahili mwaka 1963. FM haiwezi safari hiyo. Kwa hiyo redio ya FM ni ya mahali pake: ni redio ya mji, ya bonde, ya wale wanaoiona antena hata kama hawajui kwamba wanaiona.

Sisi wa Nguba tunajua jambo hili bila kufundishwa. Mbele yetu ni ziwa, na maji hayazuii mawimbi. Redio za ng'ambo, upande wa Rwanda, zinaingia kwetu wazi kabisa. Lakini ukienda nyuma ya kilima, redio ya hapahapa inaanza kukoroma. Ndiyo sababu watu wa redio wanatafuta kilele cha mlima kabla ya kutafuta nyumba.

2. ZAMANI ILIKUWA SAUTI MOJA

Katika nchi yetu redio ilianza wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1940, wakati wa vita vya pili vya dunia, Radio Congo Belge ilianza kule Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Baada ya uhuru wa 1960 redio ilibaki mikononi mwa Serikali. Wakati wa Zaire iliitwa La Voix du Zaïre, Sauti ya Zaire. Wazazi wetu wanaikumbuka: habari zilianza na Rais na kuishia na Rais. Hapakuwa na sauti ya pili ya kupima ya kwanza. Mtu aliyetaka kujua mengine alitafuta London usiku, kwa sauti ndogo, mlango umefungwa.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watu walianza kuandika magazeti, kuunda vyama, kusema. Sheria ya uhuru wa kutangaza ilichelewa, ikatoka tarehe 22 Juni 1996. Lakini watu hawakuingoja. Hapa Bukavu waliitangulia kwa miaka mitatu.

3. MWAKA 1993

Radio Maendeleo ilizaliwa Bukavu mwaka 1993. Haikuwa ya Serikali, haikuwa ya kanisa, wala ya tajiri mmoja. Iliundwa na mashirika ya maendeleo ya hapa Kivu ya Kusini, yale yanayofanya kazi na wakulima, akina mama na vijana. Walikuwa wameona kwamba unaweza kwenda kijiji kimoja kufundisha namna ya kulinda udongo au kuchemsha maji, lakini milima ni mingi na miguu ni miwili. Sauti inafika mahali gari halifiki.

Hapa tusimame kidogo tueleze tofauti, kwa sababu wengi wanachanganya. Kuna redio ya biashara: mwenyewe ameweka fedha yake, na anataka irudi na faida. Kuna redio ya dini, kama Radio Maria ya Wakatoliki, au Radio Sauti ya Rehema ya sisi Waprotestanti, zote za mji huu. Kuna redio ya Serikali. Na kuna redio ya jamii, ambayo haitafuti faida, na wenyeji wake ni mashirika na wasikilizaji. Radio Maendeleo ni ya aina hii ya mwisho. Wasikilizaji wake walijiunga katika vilabu vya redio, kartié kwa kartié na kijiji kwa kijiji. Kilabu kinasikiliza pamoja, kinabishana, kisha kinaleta habari ya kwao: daraja limevunjika, mhogo umeshikwa na ugonjwa, kodi ya sokoni imepanda bila maelezo. Basi msikilizaji si sikio tu, ni mdomo pia.

Sasa tazameni jambo la kutisha. Mwaka uleule wa 1993, mwezi wa Julai, redio nyingine ilianza ng'ambo ya mpaka, Kigali. Iliitwa RTLM. Hiyo ilikuwa kampuni ya watu binafsi, yenye hisa zilizouzwa. Watu waliipenda kwa sababu ilipiga muziki mzuri na watangazaji wake walichekesha. Kidogo kidogo ikachanganya kicheko na chuki. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, RTLM iliwahimiza watu kuua, hata ikataja majina ya watu na mahali walipojificha. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wakubwa wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mwenye gazeti moja la chuki, Hassan Ngeze.

Redio mbili, mwaka mmoja, mashine za namna moja. Moja ilifundisha kulima, nyingine ikafundisha kuua. Kwa hiyo mzee wetu mlinzi alisema vizuri: redio yenyewe si nzuri wala si mbaya. Inategemea nani anasema, kwa fedha ya nani, na kama kuna mtu anayeweza kumwuliza.

4. MBAYUWAYU WA BUKAVU

Katikati ya mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimwagika Kivu kwa mamia ya maelfu. Wazazi wetu wanasema hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Watu wale walikuwa wamezoea redio ya chuki, na hofu ilikuwa imewajaa. Basi mwezi wa Agosti 1994 waandishi wa habari wa ng'ambo, hasa wa Uswisi, walifungua redio hapahapa Bukavu. Waliiita Radio Agatashya, na jina hilo ni la yule ndege mdogo mbayuwayu. Ilisema kwa lugha za watu wa eneo hili. Haikuwahubiri watu wapendane. Iliwaambia mambo ya kweli tu: maji yanapatikana wapi, chanjo ni siku gani, mtoto fulani anatafuta mama yake. Kutoka kazi hiyo likatokea shirika la Fondation Hirondelle, na jina lake la Kifaransa lina maana ileile, mbayuwayu.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu, na Agatashya ikanyamaza. Lakini shirika lile lilirudi. Tarehe 25 Februari 2002, pamoja na Umoja wa Mataifa, lilianzisha Radio Okapi kwa nchi nzima, kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Chiluba.

5. KUFUNGWA NA KUFUNGULIWA

Turudi kwa Radio Maendeleo. Mwaka 1998 vita vya pili vilianza, na mji wetu ukatawaliwa na RCD. Watawala hawakupenda redio inayowapa wananchi kipaza sauti. Mwaka 1999 waliifunga. Tufikirie maana yake: wale wa vilabu vya vijijini walifungua posti asubuhi, wakasikia mvumo tu. Redio ilikaa kimya kwa muda wa miaka miwili hivi. Ikafunguliwa. Mwisho wa mwaka 2002 ikafungwa tena, na watu wake wakakamatwa, pamoja na mkurugenzi wake Kizito Mushizi. Ikafunguliwa tena.

Kisha ikaja Juni 2004. Askari wa Nkunda na Mutebusi waliuteka mji kwa muda wa wiki moja hivi. Radio Maendeleo, Radio Maria na Sauti ya Rehema zote zilinyamazishwa, na wakuu wake wakatishwa kuuawa. Ona jambo hili: mmoja mwana wa mashirika, mmoja Mkatoliki, mmoja Mprotestanti. Mwenye bunduki hakuwatenganisha. Kwake wote walikuwa na kosa moja, kusema.

Tena kuna waliolipa kwa damu. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi hapa Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo, wa Radio Okapi pia, aliuawa tarehe 21 Novemba 2008. Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star aliuawa mwezi wa Agosti 2009. Wote watatu walikuwa vijana, katika mji huu mmoja, kwa miaka mitatu. Tunapoandika majina yao hapa hatutafuti siasa. Tunataka tu mdogo wetu wa darasa la kwanza ajue kwamba habari anayoisikia bure ililipiwa.

Wengine Mungu aliwalinda, nao walifanya kazi kubwa. Chouchou Namegabe alianza utangazaji Radio Maendeleo angali kijana. Mwaka 2003 yeye na wenzake waliunda AFEM, chama cha wanawake wa habari wa Kivu ya Kusini. Waliwapa kipaza sauti akina mama waliobakwa vitani, waseme wenyewe, jina likifichwa. Mwaka 2009 alikwenda kusema habari hizo mbele ya Baraza la Seneti la Marekani. Caddy Adzuba wa Radio Okapi Bukavu alipewa tuzo kubwa la Uhispania mwaka 2014, tuzo la Prince of Asturias. Mabinti wa shule yetu wanaodhani kwamba kipaza sauti ni cha wavulana, wasome tena mistari hii.

6. NANI ANALIPA MAFUTA?

Hapa njo mahali ambapo swali letu la bongo linapata jibu lake la kwanza.

Redio inakula fedha kila siku. Umeme ukikatika, na sisi wote tunajua unavyokatika, jenereta linataka mafuta. Mtambo ukiungua, kipande kinatoka mbali. Kuna kodi, na kuna watu wa kulipwa. Fedha inatoka wapi? Kwanza ni matangazo madogo: matanga, makaratasi yaliyopotea, duka jipya, kuandikisha wanafunzi. Pili ni matangazo ya makampuni, hasa ya bia na ya simu. Tatu ni mashirika yanayolipia vipindi, leo ugonjwa wa kipindupindu, kesho haki za mtoto. Nne ni watu wa siasa.

Kila mlango una hatari yake. Kampuni inayolipa haipendi kusemwa vibaya. Shirika likimaliza mradi wake, kipindi nacho kinakufa, hata kama watu bado wanakihitaji. Mwanasiasa anayelipa anataka kusifiwa. Tena kuna ile desturi inayoitwa kupaji: mtu anamwita mwandishi kwenye mkutano wake, kisha anamtilia bahasha mfukoni, eti ya usafiri. Mwandishi ambaye mshahara wake haufiki nyumbani atafanyaje? Hatumhukumu haraka. Lakini mwenye kupokea bahasha asubuhi ataandika nini jioni? Ndiyo maana redio maskini si redio huru daima, na redio tajiri vilevile. Iliyo salama zaidi ni ile yenye milango mingi midogo, ili mmoja ukifungwa isife, na yenye wasikilizaji wanaokuja kuuliza.

7. SIMU NA REDIO

Wengine wenu mtasema: hayo ni ya wazee, sisi tuna simu. Kweli. Mwezi wa Februari 2025, M23 walipoingia mji huu, kila mtu alikuwa na simu mkononi. Sote tulikaa nyumbani tukipokea ujumbe juu ya ujumbe. Mkumbuke ni mara ngapi tuliambiwa mtu fulani amekufa, na baadaye akaonekana mzima. Mkumbuke picha za moto ambazo hazikuwa za Bukavu.

Simu ni nzuri, lakini haina mlango wa kubisha. Redio ina nyumba, ina jina, ina mkuu anayejulikana. Ikikosea, utaenda kuiuliza. Sauti iliyotumwa na mtu usiyemjua utaiuliza wapi? Yule mtoto wa Alhamisi alituambia baadaye kwamba alisikia habari kwa mtu wa pikipiki, naye mtu wa pikipiki aliisikia kwa abiria, na abiria alikuwa ameshashuka. Hiyo njo njia ya uvumi: kila mtu anaipitisha, hakuna aliyeiona. Na mkono wa mtoto wa watu ulivunjika kweli.

8. BASI TUFANYE NINI?

Sisi madwayen tumekaa pamoja, na tukakubaliana mambo manne. Tunayaleta kwenu.

Moja: mtu akileta habari ya hatari, tumwulize kwanza, "Umeona mwenyewe?" Kama hakuona, "Nani aliona?" Hatutamcheka wala kumpiga. Tutamwuliza tu.

Mbili: posti moja ya betri itakaa ofisini kwa Prefe, na dwayen wa zamu ataisikiliza kabla ya kengele ya asubuhi na wakati wa mapumziko. Prefe amekubali. Betri tutazinunua kwa mchango wetu, ili mtu asiseme tumepewa bahasha.

Tatu: tusikilize redio mbili, siyo moja. Zikisema sawasawa, ni vizuri. Zikipingana, tungoje.

Nne: tuwe kilabu. Kama watu wa vijijini ambao hawakupata shule waliweza kukaa pamoja, kusikiliza na kuandika habari za kwao, sisi tunaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali tutashindwaje? Kila Jumatano baada ya masomo, darasa la tano na la sita wakutane kwenye chumba cha maktaba. Wadogo nao wakaribie.

Tulipomsomea mzee mlinzi makala haya, alisikiliza hadi mwisho bila neno. Kisha akasema: "Mmeandika vizuri, lakini mmesahau kitu kimoja. Siku ile redio haikusema kitu kwa sababu hapakuwa na kitu. Lakini siku nyingine redio haisemi kitu kwa sababu imefungwa. Mjifunze kutofautisha kimya na kimya."

Tukamwuliza, "Mzee, tutafautisha namna gani?" Akatuonyesha posti yake. Muziki ulikuwa ukipigwa, na mtangazaji akataja saa. "Kama bado wanawaambia saa," alisema, "wapo kazini."

Binti wetu mkono umepona. Amerudi darasani, na sasa anaandika kwa mkono wa kuume kama zamani. Tunamwomba msamaha hadharani, sisi tuliokimbia mbele yake.

Maswali ya kuzungumza darasani:
(a) Kwa nini FM haivuki mlima?
(b) Redio ya jamii na redio ya biashara zinatofautiana nini? Kila moja ina hatari gani?
(c) Ukiwa mkurugenzi, na kampuni inayokulipa zaidi imefanya kosa, utaitangaza habari hiyo? Eleza sababu.

Dwayen wa shule, darasa la sita, kwa niaba ya wenzake
Nguba, Bukavu